Bahari Ndiyo Ghali, Si Baraza la Madiwani

Kilomita 18 hivi kutoka pwani ya magharibi ya Norwei kipo kisiwa cha Utsira. Eneo lake ni kama kilomita sita za mraba, wakazi wake ni takriban 200, na feri ya kwenda mji wa Haugesund hutumia zaidi ya saa moja. Miti ni ya kuhesabu, upepo hauhesabiki. Kisiwa kina bandari mbili, moja kaskazini na nyingine kusini, kwa kuwa upepo ukigeuka bandari moja huwa salama na nyingine haiingiliki. Kisiwa hiki ni halmashauri kamili. Kina meya, baraza la madiwani, bajeti, shule ya msingi, chekechea, huduma za wazee na mpango wake wa matumizi ya ardhi. Kwa idadi ya watu hakuna halmashauri ndogo zaidi Norwei nzima, na bado sheria inaitwika wajibu uleule wa msingi inaoutwika mji mkuu, Oslo, wenye watu zaidi ya 700,000.

Wapo Wanorwei wengi, wakiwamo wachumi na wabunge wanaoheshimika, wanaoona kwamba mpangilio huu umepitwa na wakati. Hoja yao inaeleweka mara moja: watu 200 hawawezi kujaza hata ukumbi wa harusi, iweje wawe na mkurugenzi wao, mhasibu wao na meya wao? Nasimama upande wa pili. Utsira, pamoja na halmashauri nyingine ndogo za pwani kama Træna, Røst na Værøy, inapaswa kubaki na baraza lake, wala siandiki hivi kwa kuwahurumia wavuvi au kwa kupenda mambo ya kale. Gharama kubwa inayobebeshwa udogo wa halmashauri hizi inatokana na bahari, na bahari haiondoki mpaka unapofutwa kwenye ramani. Anayeondoka ni mtu wa kuulizwa. Suala hili halipaswi kuwa geni kwa msomaji wa huku. Norwei ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochangia Programu ya Maboresho ya Serikali za Mitaa nchini Tanzania, na watafiti kutoka Bergen na Oslo walishirikiana na taasisi ya REPOA kuyafuatilia maboresho hayo. Nchi inayogharamia ugatuaji wa madaraka kwa wengine inastahili kutazamwa inavyougatua kwake.

Ili kuelewa kwa nini kisiwa kidogo namna hii kimepewa madaraka makubwa, inabidi turudi mwaka 1837. Norwei ilikuwa na katiba yake tangu 1814, lakini ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Sweden, na mambo ya vijijini yaliendeshwa zaidi na maofisa wa serikali. Katika miaka ya 1830 wakulima waliingia bungeni kwa wingi, wakasukuma sheria iliyowapa watu wa mjini na wa shamba haki ya kuchagua mabaraza yao na kupanga matumizi yao. Zikazaliwa halmashauri 392, nyingi zikifuata mipaka ya parokia. Baadaye, kila watu wa upande mmoja wa fjodi, zile ghuba ndefu nyembamba, walipochoka kuamuliwa na watu wa upande wa pili, mipaka iligawanywa tena, hata kufikia mwaka 1930 zilikuwa 747. Nalitaja hili kwa sababu wanaopigania kuunganisha huuzungumzia udogo kama kitu kilichojitokea chenyewe na kikasahauliwa. Watu waliutafuta. Katika nchi ya milima na maji, kijiji cha ng'ambo unaweza kukiona kwa macho na bado kukifikia kukawa kazi ya siku nzima.

Utsira yenyewe ilikuwa chini ya halmashauri ya Torvastad, iliyokuwa kwenye kisiwa kikubwa cha Karmøy. Mwaka 1924 ikajitenga. Kilichotokea mwaka mmoja tu baadaye ndicho kinachonifanya niamini kwamba baraza dogo linaweza kuzaa mambo ambayo baraza kubwa haliyazai. Katika uchaguzi wa 1925, wapigakura wa Utsira walichagua baraza la watu 12, na kati yao 11 walikuwa wanawake. Mwaka uliofuata mkunga wa kisiwa, Aasa Helgesen, akashika umeya, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa meya katika historia ya Norwei. Tukumbuke miaka yenyewe. Wanawake wote wa Norwei walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa mitaa mwaka 1910, na ule wa bunge mwaka 1913. Mabaraza ya miji mikubwa, yenye vyama, magazeti na wasomi, yalikuwa bado karibu yote ni ya wanaume. Kisiwani hapakuwa na haja ya kampeni ya kumtambulisha mkunga. Kila nyumba ilimjua kwa kazi yake, na wapigakura walipotaka kumkabidhi baraza, walimkabidhi.

Sasa tufikiri ingekuwaje kama Utsira isingejitenga. Torvastad haipo tena. Iliunganishwa mwaka 1965 na jirani zake kuwa halmashauri ya Karmøy, ambayo leo ina watu zaidi ya 40,000. Watu wa Utsira wangekuwa karibu nusu asilimia ya wapigakura wa Karmøy. Hata wote, kuanzia kijana wa miaka 18 hadi ajuza wa miaka 90, wangemchagua mtu mmoja, kura zao zisingetosha kiti kimoja cha udiwani. Shule yao ingekuwa mstari mmoja katika jedwali refu la shule, na siku ya kubana matumizi mstari wenye wanafunzi wachache kuliko yote ndio ungepigwa wino mwekundu kwanza. Simlaumu diwani wa Karmøy kwa hilo. Angekuwa anatimiza wajibu wake kwa waliomchagua, nao wanaishi mahali ambapo shule ya pili iko umbali wa kituo kimoja cha basi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mawimbi ya kuunganisha yamepita mara mbili. La kwanza lilianzia kwenye kamati iliyoundwa mwaka 1946 chini ya Nikolai Schei, na matokeo yake ni kwamba halmashauri 744 za mwaka 1957 zilibaki 454 mwaka 1967. La pili lilianza mwaka 2014 chini ya serikali ya Erna Solberg. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Signy Irene Vabo ilishauri kwamba halmashauri iwe na watu wasiopungua 15,000 hadi 20,000 ili iweze kutoa huduma zinazotakiwa. Ilipofika Januari 2020 halmashauri 428 zilikuwa zimekuwa 356. Utsira ilivuka mawimbi yote mawili. Ajabu ni kwamba katikati ya wimbi la pili, mwaka 2016, Bunge liliongeza kwenye Katiba kifungu kinachosema wananchi wana haki ya kuendesha mambo ya mahali pao kupitia vyombo walivyovichagua wenyewe. Bunge lilelile likaendelea kuamua kwamba baadhi ya halmashauri ziunganishwe bila ridhaa yao.

Katika fedha ndipo pingamizi kubwa lilipo, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Wakosoaji wanasema, kwa haki kabisa, kwamba mkazi mmoja wa Utsira hugharimu hazina ya umma mara nyingi zaidi ya mkazi wa mjini. Halmashauri za Norwei hupata sehemu ya kodi ya mapato ya wakazi wao na ruzuku kutoka serikali kuu, kisha mfumo wa kitaifa husawazisha tofauti kati ya matajiri na maskini, pamoja na tofauti za gharama. Mtoto anayesoma katika darasa la watoto watano mwalimu wake analipwa mshahara sawa na wa mwalimu mwenye watoto 25. Hesabu hiyo haina mjadala. Lakini tujiulize ni sehemu gani ya gharama ile ingetoweka Utsira ikiunganishwa na Haugesund au Karmøy. Mwalimu angehitajika bado. Muuguzi angehitajika bado, kwa maana mzee aliyeanguka bafuni usiku wa dhoruba hawezi kungoja feri ya asubuhi, nayo feri ya asubuhi huenda isije. Pampu za maji, gati, zimamoto, vyote vingebaki. Kingetoweka mshahara wa meya, sehemu ya mshahara wa mkurugenzi na posho za madiwani, na hizi si fedha zinazomfanya mkazi wa Utsira kuwa ghali. Njia pekee ya kuokoa fedha za maana ni kufunga shule na kuhamisha huduma ya wazee ng'ambo. Hiyo ni njia ya kukihama kisiwa, na anayeitaka aseme wazi kwamba anataka kisiwa kihamwe, asijifiche nyuma ya neno ufanisi.

Serikali ya Solberg yenyewe ililikubali jambo hili, ingawa kwa lugha ya kihasibu. Mwaka 2017 ilibadili kanuni ya ruzuku na kuanza kupima wastani wa umbali ambao mkazi lazima asafiri ili kuwafikia watu 5,000. Halmashauri ndogo iliyo jirani na mji, ambayo ingeweza kuungana na wenzake bila taabu, ikapunguziwa ruzuku. Halmashauri iliyo ndogo kwa sababu ya masafa, kama kisiwa katikati ya bahari, ikaachiwa. Katika mjadala wa Norwei watu walianza kutofautisha udogo wa hiari na udogo usio wa hiari. Naona hiki ndicho kipimo cha haki kuliko vyote vilivyotolewa katika miaka ile, tena kilitolewa na watu waliotaka kuunganisha. Kinamtaka kila mmoja ajibu swali linalojibika: je, mpaka huu unalinda umbali wa kweli, au unalinda ofisi? Ipo mipaka kadhaa Norwei ambayo ingeshindwa mtihani huo, na sina machozi ya kuililia. Utsira haishindwi.

Wapo watakaosema kwamba kuunganisha kunaweza kujaribiwa, na kukishindikana watu watarudi walikotoka. Kisa cha Haram kinaonyesha bei ya majaribio hayo. Halmashauri hii ya pwani iliunganishwa na Ålesund na nyingine tatu mwezi Januari 2020. Wengi wa watu wake hawakuridhika, mvutano ukaendelea, na Bunge likaruhusu mgawanyo. Tarehe 1 Januari 2024 Haram ikawa halmashauri tena, na idadi ya kitaifa ikapanda hadi 357. Ndani ya miaka minne mifumo ya kompyuta, mikataba ya kazi, majalada na madeni viliunganishwa kisha vikatenganishwa. Na Haram ina maelfu ya watu, wanaoweza kupiga kelele zikasikika. Kisiwa cha watu 200 kikishafungiwa shule, familia changa huondoka mwaka huohuo, na baada ya hapo hakuna sheria ya bunge inayoweza kuzirudisha.

Pingamizi la pili linahusu utaalamu, na lina uzito kuliko la fedha. Halmashauri inatakiwa kuwa na watu wanaojua sheria ya mipango, haki za watoto, afya ya akili, manunuzi, usalama wa mifumo ya kompyuta. Kisiwa hakiwezi kuwaajiri wote, na hata kikitangaza nafasi huenda asijitokeze mwombaji. Kutokana na hilo watu hurukia hitimisho kwamba halmashauri kubwa huamua vizuri zaidi. Ushahidi wa kashfa ya Terra unawapinga. Mwaka 2007 iligundulika kwamba halmashauri nane zilikuwa zimenunua, kupitia kampuni ya Terra Securities, dhamana tata zilizotengenezwa na benki ya Citigroup ya Marekani. Baadhi zilikopa fedha za kununulia kwa kutegemea mapato yao ya miaka ijayo ya umeme wa maji. Soko la mikopo ya nyumba la Marekani lilipoyumba, fedha zikayeyuka, na kampuni ile ikafilisika mwezi Novemba. Katika orodha ya nane hizo ilikuwamo Hattfjelldal, yenye watu wasiofika 2,000, lakini zilikuwamo pia Narvik, Rana na Haugesund. Haugesund ni mji wa watu zaidi ya 30,000, wenye wachumi na wanasheria wake, na ndiko feri ya Utsira inakofunga gati. Ukubwa haukuukinga. Kosa lilikuwa la kuamini wauzaji wa karatasi wasizozielewa, na kosa la aina hiyo hukingwa na madiwani wanaouliza maswali ya wazi kuhusu fedha wanazozijua zimetoka wapi.

Hata hivyo sitaki kulipunguza tatizo la utaalamu kuliko lilivyo. Ripoti ya kamati iliyochunguza mfumo huu wa wajibu sawa kwa wote, iliyotoka mwaka 2023, ilikiri kwamba halmashauri ndogo hupata shida kutimiza baadhi ya matakwa ya sheria. Katika ulinzi wa watoto jambo hili ni zito sana. Ofisa wa ustawi anayetakiwa kuingia nyumba ya mtu na kuamua kama mtoto abaki au aondolewe hawezi kuwa jirani wa mlango wa pili, aliyesoma na baba wa mtoto huyo na anayekutana na mama yake dukani kila asubuhi. Hapa nakubali bila kigugumizi kwamba kisiwa hakipaswi kufanya kazi hiyo peke yake. Sheria tayari ina njia: halmashauri moja inaweza kuwa mwenyeji na kutoa huduma kwa niaba ya jirani zake, wakalipana. Halmashauri ndogo huitumia sana.

Wakosoaji hushika hapohapo na kuuliza: kama huduma ngumu zinanunuliwa ng'ambo, baraza la kisiwa linabaki na nini zaidi ya jina? Swali hili ni zuri, na jibu langu ni kwamba linabaki na mambo ambayo mtu wa ng'ambo hawezi kuyajua vizuri: gati lipi litengenezwe kwanza, nyumba za kupangisha zijengwe wapi ili mwalimu mpya apate pa kulala, shule ifunguliwe saa ngapi kulingana na boti, kiwanja kipi kiachwe kwa malisho ya kondoo. Tena linabaki na haki ya kuivunja mikataba ile. Halmashauri inayonunua huduma inaweza kulalamika, kudai taarifa, kuhama kwa mtoa huduma mwingine. Kitongoji kilichomezwa hakina mkataba wa kuuvunja. Ambalo ningelipigania ni kwamba serikali kuu iigharamie moja kwa moja mikataba hiyo kwa visiwa vilivyo mbali, na halmashauri mwenyeji ilazimike kufika mbele ya baraza la kisiwa kila mwaka na kujibu maswali hadharani, si kutuma taarifa ya kurasa mbili.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwenye kisiwa cha watu 200 kila mtu ni ndugu ya mtu, na kujuana huzaa upendeleo. Ni kweli kwamba ombi la kibali cha kujenga banda la mashua linaweza kufika mbele ya shemeji wa mwombaji. Lakini Norwei haikuliacha jambo hili kwenye dhamiri ya mtu. Sheria ya utawala ya mwaka 1967 inamtaka mwenye undugu wa karibu na mhusika atoke kwenye shauri hilo, na diwani wa akiba aitwe kukalia kiti chake. Vikao vya baraza ni vya wazi. Barua zinazoingia na kutoka ofisini huorodheshwa, na raia yeyote, hata asiye mkazi, anaweza kuomba kuzisoma. Madiwani watatu tu wakitilia shaka uhalali wa uamuzi, wanaweza kudai mwakilishi wa serikali kuu mkoani auchunguze. Ningeongeza neno moja: upendeleo wa kisiwani huonekana. Shemeji akipewa kibali ambacho jirani alinyimwa, habari itakuwa imefika bandari ya kusini kabla wino haujakauka. Katika mji wa watu 100,000 upendeleo wa namna hiyohiyo hupita kwenye karamu za wafanyabiashara na makampuni ya washauri, na hugundulika ikiwa gazeti la mtaa bado lina mwandishi wa kuufuatilia.

Upande wa pili wa ukaribu huo ndio unaosahaulika. Sheria ya serikali za mitaa inataka halmashauri yenye watu wasiozidi 5,000 iwe na madiwani wasiopungua 11. Kwa watu 200 maana yake ni diwani mmoja kwa kila watu 18 hivi. Oslo ina madiwani 59, ambao ni diwani mmoja kwa kila watu 12,000 hivi. Sheria hiyohiyo inasema asilimia mbili ya wakazi, au watu 300, wakitia saini hoja, baraza lazima liichukue na kuitolea uamuzi ndani ya miezi sita. Asilimia mbili ya Utsira ni watu wanne. Wanne hao wanaweza kukaa kwenye meza moja ya jikoni, wakaandika kwamba taa za njia ya kwenda bandari ya kaskazini haziwaki, wakatia saini, na chombo chenye mamlaka ya kisheria kikalazimika kuwajibu. Watu hao wakiwa ndani ya halmashauri ya Karmøy wangehitaji saini 300. Wasingezipata kisiwani hata wakimwandikisha kila mtoto mchanga. Ingewabidi wapande feri kuomba saini kwa wageni wasioijua njia ile wala bandari ile.

Ndiyo maana sishangai kwamba uchaguzi wa mitaa, ambao kwa Norwei nzima huvutia kama asilimia 60 na ushee tu ya wapigakura, huvutia wengi zaidi katika halmashauri ndogo, na Utsira na Modalen ni miongoni mwa zile zilizozoea kuonekana juu kabisa ya orodha. Mtu hupiga kura pale anapoona kura yake inagusa kitu. Kuna wasomi wanaodai kwamba ushiriki huo ni wa mazoea, kwamba watu huenda kupiga kura kwa kuwa jirani angeona hawakwenda. Hata kama ni hivyo, baraza lililochaguliwa na karibu kila mtu linasimama imara linapolazimika kuongeza ada ya maji au kufuta mradi. Lina uhalali ambao mabaraza mengi makubwa ya Ulaya yanautafuta bila kuupata.

Kilicho mbele ya Utsira sasa ni kikubwa kuliko ada ya maji. Upepo ule uliowalazimisha wazee kujenga bandari mbili umegeuka kuwa mali. Mwaka 2004 kampuni ya Norsk Hydro, pamoja na kampuni ya Enercon ya Ujerumani, ilianzisha kisiwani mradi wa majaribio uliotumia umeme wa upepo kutengeneza hidrojeni, ili upepo ukitulia hidrojeni hiyo igeuzwe kuwa umeme tena. Nyumba kumi zilipata umeme kwa njia hiyo. Mradi uliisha, lakini ulionyesha kwamba baraza la watu wachache linaweza kukaribisha jambo jipya na kulisimamia. Mwaka 2020 serikali ikafungua eneo la bahari lililo magharibi ya kisiwa, lililopewa jina la Utsira Nord, kwa ajili ya mitambo ya upepo inayoelea, likikusudiwa kufikia megawati 1,500. Jina ni la kisiwa. Mamlaka si ya kisiwa. Sheria ya mipango ya Norwei huipa halmashauri neno hadi maili moja ya baharini nje ya mstari wa msingi wa pwani, na kutoka hapo ni mambo ya serikali kuu.

Norwei imekwisha kutatua mafumbo ya namna hii mara kadhaa. Tangu sheria ya mwaka 1917, halmashauri ambayo maporomoko yake ya maji yanazalisha umeme ina haki ya kupewa sehemu ya umeme huo kwa bei nafuu, na hivyo ndivyo vijiji vingi vya milimani vilivyoweza kujenga shule na nyumba za wazee. Wafugaji wa samoni walipoijaza pwani kwa vizimba, ukaanzishwa mfuko unaorudisha sehemu ya mapato ya vibali kwenye halmashauri kama Frøya na Hitra, malipo yake yakaanza mwaka 2017. Tangu Julai 2022 mitambo ya upepo iliyoko nchi kavu hutozwa ushuru unaokwenda kwa halmashauri iliyoipokea. Ushuru huo ni wa nchi kavu tu. Mitambo itakayoelea magharibi ya Utsira, ambayo meli zake za matengenezo zitahitaji bandari, maji, makazi ya mafundi na watu wa kuokoa usiku wa dhoruba, haimo ndani yake.

Kwa hiyo mjadala wa Oslo ungekuwa na manufaa zaidi kama ungeacha kuhesabu vichwa vya Utsira na kushughulikia sheria hii. Sehemu maalumu ya mapato ya upepo wa bahari kuu itengwe kwa halmashauri za pwani zilizo karibu na mitambo, kwa kipimo cha umbali na cha mzigo wa huduma, na halmashauri hizo zipewe haki ya kusikilizwa rasmi kabla leseni haijatolewa. Kampuni zitakazopata leseni zitaleta wanasheria na wahandisi wao; kisiwa kipewe fedha za kuajiri wa kwake kwa ajili ya mazungumzo hayo. Yote yaandikwe sheriani kabla mtambo wa kwanza haujavutwa kutoka gatini, kwa kuwa baada ya hapo baraza la Utsira litakuwa linaomba hisani kwa kampuni ambayo tayari imekwisha kupata ilichokitaka.